Kabla hujaacha shule, umetafuta cheti cha kifo?

Kijana wa Nyalenda hapa Kisumu, pole sana kwa kumzika mama. Umeuliza kama uache shule kidato cha pili ushike bodaboda ili wadogo zako wawili wapate kula. Sitakuhubiria. Sikiliza yaliyonipata, kisha uamue.

Baba sikumjua. Mama alifariki 2006 nikiwa darasa la saba, tukabaki kwa dani, yaani bibi yetu, huko Dunga kando ya ziwa, mimi na dada yangu. Karo ya msingi ilikuwa imeondolewa tangu 2003, kwa hiyo shida yetu ilikuwa tumbo. Dani alinunua omena, dagaa wa ziwani, ufukweni alfajiri, tukaianika juu ya nyavu kuukuu kabla sijaenda shule. Kazi hiyo ina udhia. Usipoigeuza inaharibika upande wa chini, ukizubaa kuku wanajihudumia, na ikishika mchanga mama mnunuzi wa soko la Kibuye anaichota kiganjani, anaisugua, anakutazama, halafu anakata bei ya gorogoro, mkebe wa kupimia, kimya kimya. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawatoki, kwa sababu taa zao hazivuti omena kwenye mbalamwezi. Siku hizo ilikuwa ugali na osuga, mboga ya mnavu, na deni dukani likanenepa.

2008 naingia kidato cha kwanza, mji bado unanuka matairi yaliyochomwa kwenye ghasia za uchaguzi. Nafasi ya bweni niliiacha nikaenda shule ya kutwa, maana mwaka huo serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari, shilingi 10,265 kwa mwanafunzi. Wenzangu walinicheka sana. Hata hivyo sare na chakula cha mchana vilibaki juu yetu, na kila wiki nilirudishwa nyumbani. Nikajaza fomu ya basari, ikarudi: hakuna cheti cha kifo.

Ili kupata cheti hicho ilitakiwa kibali cha mazishi, kumbe dani alikuwa amekifunga kwenye leso pamoja na picha ya mama, hataki hata kukiona. Kumbembeleza kulichukua miezi. Alipokitoa, jina likawa na herufi moja tofauti na la kitambulisho! Kwa naibu wa chifu nilikwenda mara nne, ya mwisho nikiwa na sare iliyopasuka kiwiko. (Nyingine nzima nilikuwa nayo. Niliiacha nyumbani makusudi.) Basari ilitoka muhula wa tatu. Haikutosha, ila nilikoma kufukuzwa.

Sasa wewe. Bodaboda ya mtu inadai hesabu kila jioni, upate usipate, na kwa miaka 17 huna leseni. Ukikamatwa, wadogo zako watakula nini? Tafuta kazi ya Jumamosi na Jumapili, Kibuye haikosi mizigo. Jumatatu muulize shangazi yako kibali cha mazishi kiko wapi, na ulinganishe majina kabla ya kupanga foleni popote.

Cheti cha mama yangu bado ninacho. Kona moja ina doa la mafuta ya omena.