Maswali ya Wasomaji: Vipimo vya Viwanja vya Zamani vya Besiboli

Swali: Shikamoo mama. Nafuatilia sana besiboli ya Marekani, hasa ya zamani. Kitabu kimoja kinasema ukuta wa kushoto wa Fenway Park, pale Boston, uko futi 315 kutoka kituo cha nyumbani anaposimama mpigaji. Kingine kinasema 310. Juzi nimekuta makala inayosema 304. Nimshike nani? Nia yangu ni kutengeneza jedwali la vipimo vya viwanja vya zamani. Pia, je, viwanja vya siku hizi navyo hubadilika, au niishie kwa vya zamani tu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Namba zote tatu ninazo kwenye daftari langu, na kila moja ina mwenyewe. Ile 315 ni ya klabu, iliyokaa ukutani miaka na miaka. Mwaka 1975 gazeti la Boston Globe lilitumia picha zilizopigwa kutoka angani, zikapigiwa hesabu, ikatoka futi 304.779. Baadaye mwandishi wa gazeti hilohilo akapima mwenyewe kwa futikamba, akapata futi 309 na inchi 3, na mwaka 1995 klabu ikafuta 315 ikaandika 310. Ukuta ulikuwa palepale muda wote huo. Kwa hiyo usije ukaandika kwamba Fenway ilipunguzwa futi tano mwaka 1995. Kilichobadilika ni namba iliyopakwa rangi ukutani.

Nimekuwa mpima ardhi miaka 28, na jambo la kwanza nililofundishwa kazini ni kwamba kipimo hakisimami peke yake. Nani alipima, lini, kwa kifaa gani, kutoka wapi hadi wapi? Jedwali lako likiwa na safu ya jina la uwanja na safu ya futi tu, utakuwa umezipoteza habari zote hizo kabla hujaanza. Weka safu ya mwaka. Weka safu ya chanzo. Ukikuta vyanzo viwili vinagongana, viandike vyote viwili, usichukue wastani.

Kuna nyakati ukuta ulisogea kweli, na hapo ndipo kazi inakuwa tamu. Fenway hiyohiyo, mwaka 1940, upande wa kulia walijenga sehemu ya warushaji kupashia misuli mbele ya uzio wa zamani, umbali ukapungua kwa futi 23 hivi. Mpigaji wao kijana Ted Williams alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, na mipira yake ilielekea hukohuko. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni Forbes Field ya Pittsburgh. Mstari wa kushoto pale, yaani mstari wa mpaka unaotoka kituo cha nyumbani hadi uzio, ulikuwa futi 365. Klabu ilipompata mpigaji Hank Greenberg mwaka 1947, ikaweka uzio wa ndani, ikabaki futi 335. Watu wakaliita eneo lile Greenberg Gardens. Greenberg alicheza msimu mmoja tu akastaafu, uzio ukabaki kwa ajili ya mpigaji mwenzake Ralph Kiner, aliyepiga homurani (mipira inayovuka uzio) 23 mwaka 1946 na 51 mwaka 1947. Kiner alipouzwa mwaka 1953, uzio nao ukaondolewa baada ya msimu huo, mstari ukarudi 365. Kitabu kinachokupa namba moja tu ya Forbes Field kimekunyima hadithi yote hii. Ila usiharakishe kuupa uzio sifa zote za Kiner. Tenganisha kwanza alizopiga nyumbani na alizopiga ugenini.

Sasa, uanzie wapi? Mimi naanza na ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn. Kampuni za bima zilizihitaji ili kujua jengo lipi lingeshika moto upesi, kwa hiyo zinaonyesha hata jukwaa la uwanja: la mbao limepakwa njano, la matofali limepakwa waridi. Maktaba ya Bunge la Marekani, Library of Congress, ina hazina kubwa ya ramani hizi, na nyingi unazisoma bure kwenye intaneti. Skeli ya kawaida ni inchi moja kwa futi 50.

Skeli hiyo iliwahi kunitia hasara ya wiki tatu. Nilichapa karatasi moja nyumbani, nikaweka rula, nikaandika vipimo vyote vya uwanja, nikaridhika. Siku moja, kwa mazoea tu ya kazi, nikapima barabara iliyopita nyuma ya jukwaa. Ramani hizi huandika upana wa barabara, na ile iliandikwa futi 60. Ilipaswa kuwa inchi 1.2 kwenye rula. Yangu ilisoma inchi 1.1, yaani futi 55. Printa ilikuwa imeipunguza karatasi ili itoshee kwenye ukingo, bila kuniuliza. Piga hesabu uone: kosa la kiasi hicho linageuza futi 365 kuwa takribani 335. Ningeweza kuihamisha Greenberg Gardens mpaka miaka ambayo haikuwapo! Tangu hapo, barabara kwanza, uwanja baadaye. Na angalia vipande vilivyobandikwa. Ramani hizi zilisahihishwa kwa kugandisha karatasi mpya juu ya ya zamani, na chini yake ndipo umbo la awali linapolala. Tarehe iliyo juu ya ramani huenda isiwe tarehe ya kipande unachokipima.

Ukikosa ramani, tafuta picha ya angani. Kila uwanja una rula yake ndani: kituo hadi kituo ni futi 90, na kutoka nyumbani hadi kituo cha pili, ukikata katikati, ni futi 127 na zaidi kidogo ya inchi 3. Picha iliyopigwa kutoka juu kabisa ndiyo nzuri. Ya pembeni inadanganya, mpaka uipigie hesabu ya mwinamo.

Umbali wa ardhini pekee nao hautoshi. Polo Grounds ya New York ilikuwa na futi 279 kushoto, 258 kulia, na karibu 483 katikati. Tarehe 29 Septemba 1954, katika mchezo mmoja, Willie Mays aliudaka mpira mrefu wa Vic Wertz kule katikati, kisha Dusty Rhodes akaumaliza mchezo kwa homurani fupi ya kulia. Upande wa kushoto ghorofa ya pili ilining'inia juu ya nyasi, kwa hiyo mpira ungeweza kuangukia jukwaani kabla ya kufika ukutani. Ramani ya chini haikuonyeshi hilo, wala urefu wa ukuta. Ule wa kushoto wa Fenway una futi 37 kwenda juu.

Na kanuni zisome pia. Chicago, kwenye Lake Front Park, uzio wa kushoto ulikuwa futi 180 tu. Mwaka 1883 mpira ukivuka pale, mpigaji alipewa vituo viwili. Mwaka 1884 wakaanza kuuhesabu kuwa homurani, na Ned Williamson akafikisha 27, kati ya hizo 25 akizipiga nyumbani. Rekodi hiyo ya msimu mmoja ilikaa mpaka Babe Ruth alipoivunja mwaka 1919. Kwenye jedwali lako futi zitakuwa zilezile kwa miaka yote miwili, kwa hiyo ongeza safu ya kanuni.

Kuhusu viwanja vya leo: ndiyo, hubadilika. Tangu mwaka 1958 kuna kanuni kwamba viwanja vipya viwe na angalau futi 325 kwenye mistari na 400 katikati, ingawa vingine vimeruhusiwa kupungua. Wa San Francisco, uliofunguliwa mwaka 2000, una 309 upande wa kulia. Kule Camden Yards, Baltimore, ukuta wa kushoto ulirudishwa nyuma kwa umbali unaofikia futi 26 na nusu mwaka 2022, ukainuliwa kutoka futi 7 hivi hadi 13. Kabla ya msimu wa 2025 ukasogezwa tena mbele na kushushwa. Wewe utakuwa umeyaona yote mawili yakitokea, kwa hiyo yaandike sasa, na tarehe zake, kabla picha hazijaanza kugombana.