Muulize Mwalimu: Mendoza wa Mexico na Mendoza wa Ufilipino ni ndugu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi nipo mapokezi kwenye gesti moja hapa Mafiati, Mbeya. Juzi tulipata wageni wawili usiku mmoja: Mmexico aliyekuja kuangalia mashamba ya parachichi Rungwe, na mama wa Kifilipino aliyekuwa anaelekea Zambia kupitia Tunduma. Wote Mendoza! Nikawauliza kama ni ndugu, wakacheka tu. Halafu bosi akanigombeza kwamba jina la Mmexico nimeliandika vibaya kitabuni. Jina hilo limefikaje kote huko, na kosa langu ni lipi? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Wiki hii nina maswali manne ya wafalme na vita. Yatasubiri.

Undugu kwanza. Simama stendi ya Kabwe uite “Mwakalinga!” Watageuka watatu, na huenda hawajawahi kukutana hata msibani. Mendoza nao ni hivyo hivyo, ila wametawanyika mabara matatu.

Jina lenyewe ni la kijiji kidogo cha Álava, kaskazini mwa Hispania, kwa Wabaski. Kwao mendi ni mlima na hotz ni baridi; mtu wa Makete hahitaji maelezo zaidi. Mabwana wa kijiji walijenga mnara ambao mpaka leo umesimama. Karne ya 14 wakahamia kusini kumtumikia mfalme wa Castilla, na huko ndiko walikonona. Mwaka 1475 mkubwa wa ukoo akapewa cheo cha Duke wa Infantado. Mdogo wake, Kadinali Pedro González de Mendoza, aliyefariki 1495, alikuwa na sauti kiasi kwamba watu walimwita mfalme wa tatu wa Hispania, baada ya Isabel na Fernando.

Watu wa namna hiyo hawakosi kwenye msafara. Pedro de Mendoza, mwingine kabisa, alianzisha Buenos Aires mwaka 1536. Antonio de Mendoza akaitawala Mexico kwa niaba ya mfalme kuanzia 1535 hadi 1550. Na mji wa Mendoza kule Argentina, ulioanzishwa 1561, umepewa jina la gavana wa Chile wa wakati huo, García Hurtado de Mendoza.

Ila usije ukadhani mnunuzi wako wa parachichi ni mjukuu wa duke. Wenyeji wa Mexico walipobatizwa walipewa majina ya Kihispania, mara nyingi ya msimamizi wa ubatizo au ya mkubwa wa serikali. Katikati ya karne ya 16 mtawala wa Tlatelolco, huko huko Mexico, mwenyeji halisi wa damu ya kichifu, aliitwa Diego de Mendoza. Jina lilivuka bahari hata pale ambapo damu haikuvuka.

Ufilipino, nayo iliyotawaliwa na Hispania, ni kisa kingine, na mimi ndicho kinachonichekesha. Wenyeji wengi kule walikuwa wamejichukulia majina ya kidini, de la Cruz, de los Santos, na watoto wa tumbo moja waliweza kuwa na majina tofauti. Mkusanya kodi anaanzia wapi? Tarehe 21 Novemba 1849 Gavana Narciso Clavería akaamuru kila familia iwe na jina moja la kudumu. Likachapwa daftari la majina zaidi ya 60,000, mengi ya Kihispania, kurasa zikagawanywa mikoani, kila mji ukapata fungu lake. Mji wa Oas, mkoa wa Albay, uliangukia herufi R, na hadi leo umejaa watu wa R. Aliyeweza kuthibitisha kwamba ukoo wake umetumia jina moja kwa vizazi vinne aliachwa nalo. Serikali ikikujali ghafla jina lako, jua inataka kukuhesabu. Babu zetu waliotozwa kodi na Wajerumani wangekuelewesha vizuri.

Sasa kitabu chako. Sisi tumezoea fomu za majina matatu: lako, la baba, la babu. Kwa hiyo mkono unakimbilia jina la mwisho. Mmexico huandika majina mawili ya ukoo, la baba kwanza, la mama baadaye. Tuseme ni Luis Mendoza Rivas: ukimwandika “Bwana Rivas” umemwita kwa wajomba zake. Kwa Wafilipino mpangilio umegeuka, la mama linakaa katikati na la baba mwishoni. Maria Rivas Mendoza ni Bibi Mendoza.

Usikariri haya yote. Fungua pasipoti ukurasa wa picha, tazama mistari miwili ya chini yenye herufi kubwa na vialama <<<. Mstari wa juu, ruka P na alama au herufi inayoifuata, kisha herufi tatu za nchi. Kinachofuata mpaka kwenye << mbili za kwanza ndicho jina la ukoo; kwa Mmexico ni yote mawili, la baba likitangulia. Hilo ndilo unaloandika, na bosi akibisha mwonyeshe.