Mafuta ya karafuu juu ya seli za saratani: kwa anayeingia maabara

Kwa ndugu wanaoanza utafiti wa mafuta tete ya mimea dhidi ya saratani ya matiti, naanza na sahani iliyonitia aibu. Nilikuwa nikipima mafuta ya makonyo ya karafuu, yanayokenekwa Pemba na ambayo sehemu yake kubwa ni yujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, juu ya seli za MCF-7, aina ya seli za saratani ya matiti zinazokuzwa maabara, katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Baada ya saa 48, seli zilizotiwa dozi kubwa zilikuwa zimekufa kama nilivyotarajia. Lakini zilikuwa zimekufa pia za safu ya jirani, ambazo hazikutiwa hata tone. Nililaumu pipeti siku mbili nzima, hadi nilipofungua inkubeta, yaani kabati la joto la kukuzia seli, nikasikia harufu ya karafuu. Mafuta yalikuwa yamevukiza, na mvuke wake ukahamia vishimo vingine chini ya kifuniko kilekile.

Tangu hapo dozi kubwa huiweka kwenye sahani yake na kuifunga kwa utando. Mafuta ya akiba huyahifadhi katika chupa ya kioo cheusi, kwa kuwa yujenoli hulainisha plastiki ya polistirini. Aidha, kwa vile mafuta hayachanganyiki na maji, mtayayeyusha kwa kiyeyushi kiitwacho DMSO, nayo yenyewe ikizidi huua seli. Kwa hiyo kila jaribio liwe na vishimo vya DMSO pekee, kwa kiwango kilekile kilichomo katika dozi. Rangi ya zambarau ya MTT, kipimo kinachoonyesha seli zilizo hai, nayo ina hila zake, maana baadhi ya dondoo za mimea huizalisha pasipo seli yoyote.

Linalorukwa zaidi ni ulinganisho. MCF-7 zina vipokezi vya homoni ya estrojeni, ilhali MDA-MB-231, aina nyingine ya seli za saratani ya matiti, hazina, hivyo aliyepima aina moja asiandike kana kwamba amepima saratani yote ya matiti. Pimeni pia MCF-10A, ambazo ni seli za titi zisizo za saratani: zikifa kwa dozi ileile, mmepata sumu tu, hamjapata mwelekeo wa dawa. Hata jiki huua seli za saratani kwenye sahani.

Mtaombwa mafuta hayo nyumbani. Shangazi yangu aliniomba kichupa kwa ajili ya uvimbe aliouficha miezi kadhaa. Nikamweleza kwamba yujenoli ikimezwa kwa wingi huumiza ini, na kwamba matokeo yangu yote yaliishia kwenye plastiki. Jumatatu tulikwenda kliniki pamoja.