Baa yenye madirisha makubwa, na baraza la kwetu Lamu

Ndugu uliyeuliza, umetaka kujua ni kitu gani kinachowavuta watu katika baa ndogo ya mashoga ya mtaani, isiyo na dansi wala onyesho, ilhali miji mikubwa imejaa kumbi zenye taa na makelele. Nitakujibu kwa niliyoyaona, kwa kuwa nilikaa San Francisco miaka miwili nikifanya kazi jikoni, na kila Jumatatu, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda Twin Peaks Tavern katika mtaa wa Castro. (Najua kwamba kwetu shoga ni neno la wanawake kuitana kwa mapenzi, hapa nalitumia kwa maana ile nyingine, bila tusi, maana nami ni mmoja wao.)

Sifa ya baa hiyo ni madirisha. Zamani baa za aina hiyo nchini Marekani zilikuwa kama mapango, vioo vimepakwa rangi au kuzibwa, kwa sababu askari walikuwa wakizivamia, na aliyekamatwa aliweza kupoteza kazi. Mwaka 1972 wanawake wawili walioimiliki waliweka vioo vikubwa vitupu kuikabili barabara, mpita njia akawaona waliomo, na waliomo wakamtazama yeye. Wateja wengi ni wazee, ndiyo maana wenye ulimi mkali wameibandika jina la jeneza la kioo. Mimi jina hilo halikuniudhi, kwani wazee ndio walionivuta.

Siku ya kwanza niliagiza soda ya tangawizi, kwa kuwa sinywi pombe, nikangojea kuulizwa sababu. Sikuulizwa. Jumatatu ya tatu mhudumu aliiweka soda mezani kabla sijafungua kinywa, na mzee mmoja aliyekuwa akicheza karata akanisogezea kiti ili nihesabu alama zao, kwa maana yeye na mwenzake walishukiana wizi. Mazungumzo yalikuwa ya magoti yanayouma, kodi ya nyumba na mbwa wa jirani. Katikati ya hayo mzee yule alimtaja marehemu mume wake kama babu yangu alivyokuwa akimtaja bibi baina ya habari za bei ya samaki, bila kushusha sauti. Kutoshusha sauti huko, ndugu yangu, ndiko nilikokuwa nikikufuata kila Jumatatu.

Mtu wa Lamu haoni tabu kuielewa raha hiyo, maana amekulia barazani. Katika daka la nyumba yetu, baada ya sala ya alasiri, wanaume hukaa wakinywa kahawa chungu ya dele kwa vikombe vidogo, dhumna zikigongwa, na asiyeonekana siku mbili huulizwa hali. Baraza lina karibu kila kilichomo katika baa ile, na kwa kahawa linaishinda mbali. Ila mimi nimelikalia tangu ujanani nikipima kila neno, na kucheka pamoja na wengine ninapoulizwa nitaoa lini. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinataja kifungo cha miaka 14 kwa wanaume wanaolala pamoja, na Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha tarehe 24 Mei 2019, kwa hiyo usitarajie kibao cha baa ya namna hiyo Lamu wala Malindi.

Lakini usidhani kule nilipata yote. Wazee wale walilijua jina langu na soda yangu, wala hapakuwa na hata mmoja wa kuniuliza kama mguu wa mama umepona. Barazani huniuliza kila siku.

Ukijaliwa kufika, nenda alasiri, usiende usiku wa Jumamosi, na ukae karibu na kioo. Ukiombwa kuhesabu alama za karata, usikubali kabla hujaiona mikono ya wote wawili juu ya meza.