Mke mjamzito na sindano ya pepopunda: kuikataa ni kumtegemea Allah?

Swali

Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi kijijini wilaya ya Chemba, nalima na kufuga. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, ni ya kwanza. Kliniki wamemwambia achome sindano ya pepopunda. Wenzangu kijiweni wanasema humo wameficha uzazi wa mpango, na mmoja ametusomea hadithi ya watu sabini elfu watakaoingia Peponi bila hesabu kwa sababu hawakutafuta tiba. Wengine wanasema chanjo zina nguruwe. Halafu mdogo wangu wa kike, miaka 13, shuleni wanataka kumchanja ya saratani ya mlango wa kizazi. Nikikataa zote mbili, nina dhambi?

Jibu

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu. Allah amjaalie mkeo ajifungue salama.

Hadithi ya watu sabini elfu ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim. Lakini isomwe yote. Sifa zilizotajwa humo ni kwamba hawaombi kusomewa ruqya (kisomo cha uponyaji), hawaamini mikosi, hawajichomi moto kwa ajili ya tiba, na wanamtegemea Mola wao. Haikusema kwamba hawatumii dawa. Na aliyeisema ni Mtume yuleyule (s.a.w.) aliyesema: "Tibiwaneni, enyi waja wa Allah, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja: uzee." Hiyo wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik. Na siku ya Uhud alivaa deraya mbili, moja juu ya nyingine. Deraya huvaliwa kabla mshale haujaja. Nani aliyemtegemea Allah kuliko yeye?

Khalifa Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham (eneo la Syria ya leo na jirani zake) akapata habari ya tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza: unakimbia kadari ya Allah? Akajibu kwamba anakimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, kisha akampa mfano: ukishuka na ngamia wako kwenye bonde lenye kingo mbili, moja ina majani na nyingine kavu, popote utakapochunga si umechunga kwa kadari ya Allah? Wewe mfugaji huhitaji kufafanuliwa hapo. Mwezi wa Oktoba, Chemba ikiwa imekauka, hakuna anayeiacha mifugo kwenye vumbi akaita hiyo tawakkul, yaani kumtegemea Allah.

Tazama pia kuku wako. Chanjo ya mdondo ni tone moja jichoni, kila miezi mitatu, na watu wa Dodoma wameizoea. Tena mnajua pale inapoharibika: mtu anangoja mpaka kuku wawili watatu wameanza kusinzia na kuharisha kijani, ndipo anakimbilia chanjo. Ugonjwa ulishaingia, kinga inahitaji wiki moja hadi mbili kujengeka, kuku wanakufa, na lawama inaangukia chanjo. Kwa binadamu ni hivyohivyo. Baadhi ya habari za "alichanjwa akaugua" asili yake ni hii: aliyechanjwa tayari alikuwa na ugonjwa, au dozi hazikukamilika.

Sasa pepopunda yenyewe, kwa sababu hapa ndipo hukumu inaposimama. Kijidudu chake kinaishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, kwa hiyo nyumba yenye zizi pembeni haiwezi kukiepuka. Huingia kwenye jeraha, na kwa mtoto mchanga huingia kwenye kitovu, kilipokatwa kwa wembe usio safi au kilipopakwa majivu, udongo au samadi. Mtoto huzaliwa mzima, ananyonya siku mbili za mwanzo, kisha kati ya siku ya tatu na ya ishirini na nane taya zinakaza, anashindwa kunyonya, mwili unakakamaa kila anapoguswa. Wengi wao hufa. Sindano anayochomwa mama huufanya mwili wake utengeneze kinga, na kinga hiyo humfikia mtoto tumboni kabla hajazaliwa.

Dozi ni nusu mililita, huchomwa kwenye msuli wa bega. Kwa mama ambaye hajawahi kuchanjwa, ya kwanza ni mara anapofika kliniki, ya pili baada ya wiki nne au zaidi, na iwe imepita angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Ya tatu ni baada ya miezi sita, ya nne baada ya mwaka mmoja, ya tano baada ya mwaka mwingine. Hizo tano humkinga umri wake wote wa kuzaa. Kosa la kawaida ni kuishia dozi moja, ambayo haimpi kinga ya kutosha. Mimba ya miezi mitano bado ina nafasi ya dozi mbili, lakini usichelewe. Kadi itunzwe, maana ndiyo inayoonesha dozi alizokwisha pata.

Kuna jambo ambalo kijiwe hakikukwambia. Pepopunda haiambukizwi kutoka mtu hadi mtu. Surua ukizungukwa na watu waliochanjwa, huenda nawe ukasalimika kupitia kwao. Kwenye pepopunda jirani hakukingi hata kidogo, maana kijidudu kiko kwenye udongo unaoukanyaga.

Kuhusu uzazi wa mpango uliofichwa: uvumi huu si mgeni, ulivuma hata Kenya mwaka 2014. Chanjo hii haizuii mimba. Vijana wa kiume wanaokanyaga msumari au kukatwa na jembe huchomwa sindano ya pepopunda. Na waulize mama zenu na shangazi zenu hapo kijijini walichomwa mara ngapi kliniki, kisha uhesabu watoto wao. Allah anasema katika Suratul Israa, aya ya 36, tusifuate tusiyo na ujuzi nayo, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Anayesambaza neno hili bila kulichunguza, na mtoto wa mtu akafa kwa ajili yake, akumbuke aya hiyo.

Nenda mwenyewe zahanati pamoja na mkeo. Kuuliza si utovu wa adabu. Mwombe muuguzi akuoneshe kichupa: soma jina na tarehe ya kuisha muda. Juu yake kuna alama ya duara lenye mraba mdogo katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Ukifanana na duara au ukiwa mweusi zaidi, haifai. Angalia sindano inafunguliwa mbele yenu na baada ya kutumika inatupwa kwenye kasha lake. Mkono utauma siku moja au mbili, huenda na homa ndogo. Mzio mkali ni nadra sana, lakini upo, ndiyo maana hukaa pale dakika kumi na tano kabla ya kuondoka.

Suala la nguruwe. Kinachozungumzwa ni jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, wakati mwingine nguruwe; hutiwa kwenye baadhi ya chanjo za unga, kama za surua. Chanjo ya pepopunda haina, kwa hiyo kwa mkeo swali hilo halipo. Pale jelatini ya nguruwe inapokuwepo, wanazuoni wana njia mbili. Kongamano la Kuwait la 1995 liliona kwamba kitu kikibadilika dhati yake huwa si kile cha mwanzo, hivyo hukumu ya unajisi huondoka. Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2018 halikuifuata njia hiyo kwa chanjo ya surua na rubela: lilisema asili yake ni haramu, kisha likairuhusu kwa dharura. Njia ni tofauti, lakini zote mbili mtoto anachanjwa.

Mdogo wako wa kike. Tanzania imetoa chanjo hii nchi nzima tangu 2018, na mwaka 2024 ilihamia kwenye dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Saratani hii husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Chanjo haina kirusi hai, ni ganda lake la nje tu. Najua linalowakera wazee: "binti yangu si mzinzi, ya nini?" Binti aliyejistahi anaweza kuolewa na mwanamume anayebeba kirusi hiki bila kujijua, na saratani ikajitokeza miaka kumi na tano au ishirini baadaye, akiwa mama wa watoto wake wa halali. Chanjo hufaa zaidi ikitangulia ndoa, ndiyo sababu ya umri huo. Kuichoma si kumtuhumu. Mzungumze na baba yenu, kwani yeye ndiye walii (msimamizi) wake.

Kama ni Ramadhani, sindano ya msuli isiyo ya lishe haibatilishi saumu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, Jeddah, lilipitisha hivyo 1997.

Kuhusu dhambi: baraza hilohilo mwaka 1992 lilisema tiba huwa wajibu pale kuiacha kunapopelekea kuangamiza nafsi au kiungo, au ugonjwa unapowadhuru wengine. Mtu mzima akiiacha kinga kwa nafsi yake, wanazuoni wana maneno. Lakini hapa yupo mtoto tumboni asiyeweza kujichagulia, na Mtume (s.a.w.) amesema pasiwe na kudhuru wala kulipiza madhara. Kwa hiyo ninavyoona, huna haki ya kumzuia mkeo sindano hii kwa uvumi wa kijiweni, na ukimzuia hali umeshajua haya niliyoyaeleza, nakuhofia dhambi. Siku ya kliniki mpeleke wewe mwenyewe, na ubebe kadi.

Wallahu a'lam.