Likizo ya uzazi imeisha, maziwa bado yapo

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Dada habari. Narudi kazini tarehe moja na mtoto hajatimiza hata miezi mitatu. Wifi anasema nimuanzishie maziwa ya kopo mapema ili azoee, jirani anasema uji mwepesi. Bosi wangu ni mwanaume na ni mkali. Naogopa maziwa yatakauka, naogopa mtoto atanisahau. Nafikiria kuacha kazi. Wewe uliwezaje?"

Nilitaka nimjibu kwa mistari miwili nilale. Nikashindwa, kwa sababu kila neno alilosema nimelipitia, na mengine bado yananiuma.

Mdogo wangu, kwanza usiache kazi. Nalisema hili mapema kwa sababu nawajua wasomaji wangu. Wengi wenu mmesoma kwa shida, mkopo wa bodi unakatwa kila mwezi, kuna kiwanja mnalipia kidogo kidogo, na nyuma yenu kuna wadogo wanaosubiri ada. Hukuhangaika miaka yote hiyo ili uje kushindwa na chupa ya maziwa. Hata ukiacha leo, mtoto atafikisha miaka miwili, ataanza kukukimbia akacheze na wenzake, na wewe utakuwa umekaa barazani unatafuta nafasi za kazi kwenye simu.

Sasa tupige hesabu. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 kama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Sisi tulioanza likizo kabla ya kujifungua kwa sababu miguu imevimba na daladala haipandiki tunarudi ofisini mtoto ana wiki nane au tisa. Kliniki nako, tangu siku ya kwanza, manesi wanakuimbia wimbo mmoja: maziwa ya mama peke yake miezi sita, hata maji usimpe. Hesabu hizo mbili hazikutani popote. Hata ile chanjo ya wiki ya 14 inakukuta umesharudi kazini, unaanza kuomba ruhusa kabla kiti hakijapata joto.

Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 33, ina kipande ambacho wengi wetu hatujawahi kukisoma. Mama anayenyonyesha anatakiwa aruhusiwe kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Mimi niliambiwa na mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja kliniki, aliyekuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kazini kwao. Nilidhani ananitania. Niliporudi nyumbani nikaitafuta sheria kwenye simu, nikaisoma huku mtoto kalala mkononi, na nikapata hasira ambayo sikujua kama ninayo. Yaani muda wote huo, wanawake wa ofisini kwetu walikuwa wanaenda chooni kukamua maziwa na kuyamwaga kwenye sinki!

Nikaandika barua. Mkuu wangu wa kitengo aliiangalia kama vile nimempelekea bili ya maji ya nyumba isiyo yake. Akaniuliza kama niko tayari kufanya kazi au la. Nikamwambia niko tayari, ndiyo maana nimeandika. Akaipeleka kwa watu wa rasilimali watu, ikakaa huko, nikafuatilia, ikarudi imekubaliwa. Nakaa Mbezi, pembeni ya Dar es Salaam, ofisi iko Posta, katikati ya jiji. Ukipewa muda wa saa moja mchana na hilo jua, ukitoka Posta hata Kimara hujafika, sembuse Mbezi. Kwa hiyo nikaomba saa zangu zote mbili ziwekwe mwishoni mwa siku: badala ya kutoka saa kumi, natoka saa nane. Wengine wanaokaa karibu na kazini wanaletewa mtoto mchana. Panga kulingana na barabara yako.

Aliyeniumiza kuliko bosi ni mwanamke mwenzangu. Ana watoto watatu. Siku ya kwanza nilipobeba mkoba saa nane, alisema kwa sauti, ofisi nzima ikasikia: "Kwani wewe ndiye wa kwanza kuzaa?" Watu wakacheka. Nilicheka pia, nikashuka ngazi nalia. Mpaka leo tukikutana kwenye lifti tunasalimiana, lakini moyoni sijamsamehe, na sioni sababu ya kujifanya nimemsamehe kwa kuwa naandika makala. Ambacho sikusikia yeye akikisema ni kwamba baada yangu wawili wengine wamepewa saa zao bila kelele. Barua yangu ndiyo iliyokuwa mfano. Hilo najivunia.

Tuje kwenye maziwa, maana hapo ndipo hofu kubwa ilipo. Maziwa hayakauki kwa sababu umerudi kazini. Yanapungua kwa sababu hayatolewi. Titi linatengeneza kadiri linavyonyonywa au kukamuliwa, basi. Mama yangu alikuja kutoka Moshi na ndizi zake, akanipikia mtori asubuhi na jioni, na mama mkwe akaleta uji wa pilipili manga. Nilivila vyote kwa furaha na ninavikumbuka kwa mate, ila kilicholinda maziwa yangu ni kukamua. Na usiku. Usimwachishe mtoto kunyonya usiku eti upate usingizi wa kazini, kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Utachoka, ndiyo. Mimi nilisinzia kwenye mwendokasi mpaka nikapitishwa kituo.

Anza kukamua wiki mbili hivi kabla ya kurudi. Jifunze kwa mkono kwanza, hata kama una hela ya mashine, kwa sababu mashine inasahaulika nyumbani na mkono hausahauliki. Mwombe nesi wa kliniki akuonyeshe, wengi wanapenda kuulizwa. Siku za mwanzo utapata kijiko kimoja utakate tamaa. Endelea.

Ofisini mimi nilikamulia kwenye stoo ya mafaili, mlango nimeuegemea kwa mgongo. Chupa niliweka kwenye friji ya wote, nimezifunga kwenye mfuko mweusi. Siku moja nikakuta mfuko uko juu ya meza, umetolewa kupisha soda za kikao. Hakuna aliyejua nani katoa. Tangu siku hiyo nilinunua kideli kidogo, yaani kile kisanduku cha kutunzia vitu vya baridi, nikawa natoka nacho nyumbani kina barafu, nakiweka chini ya meza yangu mwenyewe. Nunua kideli. Usitegemee friji ya ofisi, usitegemee wema wa watu wenye kiu.

Maziwa yaliyokamuliwa kwenye joto la chumba, yaani nyuzi 25 kushuka chini, yasikae zaidi ya muda wa saa nne. Sasa niambie nani Dar es Salaam ana chumba cha nyuzi 25 mwezi wa pili bila kiyoyozi? Kwa hiyo kwetu yaende kwenye baridi mara moja. Kwenye friji yanakaa mpaka siku nne, kwenye friza miezi kadhaa. Yakishayeyuka usiyagandishe tena, yakae kwenye friji na yatumike ndani ya siku moja. Umeme ukikatika muda mrefu, usibahatishe. Usiyachemshe jikoni wala kuyaweka kwenye maikrowevu. Chukua kikombe cha maziwa, kiweke ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka yapate uvuguvugu. Yakikaa, mafuta yanapanda juu na chini panabaki kama maji. Dada wangu wa kazi aliona hivyo akaamua yameharibika, akamwaga. Kazi yangu ya stoo ya siku nzima! Nilikaa chini jikoni. Yeye akasema, "Dada, nisamehe, kwetu maziwa yakijigawa ni mgando." Kesho yake nikayatikisa mbele yake akaona yanavyorudi kuwa kitu kimoja, ikaisha.

Mtoto alikataa chupa. Alikuwa anageuza kichwa pembeni kama mzee aliyeletewa chai isiyo na sukari. Nesi akaniambia mnywesheni kwa kikombe kidogo, mkimkalisha, mkigusisha mdomo wa chini, mkisubiri ajilambie mwenyewe, msimmiminie. Watu hawaamini mtoto wa miezi mitatu anaweza kunywa kwa kikombe. Anaweza. Na kikombe kinaosheka vizuri kuliko chupa yenye chuchu na kona zake, ndiyo maana hata kliniki wanakipenda. Yanayobaki kwenye kikombe msiyatunze mpaka jioni.

Uji mwepesi kabla ya miezi sita, hapana. Unamjaza tumbo akanyonya kidogo, maziwa yakapungua, halafu unaambiwa "si unaona maziwa yako hayatoshi." Na maji yake na sufuria yake ndiyo mlango wa kuharisha. Maziwa ya kopo kama daktari amekupangia kwa sababu ya afya yako au ya mtoto, mfuate daktari na usimsikilize mtu mwingine, hata mimi. Lakini kumpa tu kwa kuwa wifi kasema azoee? Muulize wifi kama atakuwa analinunua yeye kila kopo likiisha.

Dada wa kazi. Hapa ningeandika kitabu. Nitasema haya machache: mtafute mapema, aje nyumbani kabla hujarudi kazini, mkae wote. Awe mtu mzima. Usimletee mtoto wako mtoto mwingine umuite dada. Umlipe tarehe ile ile mnayolipwa wewe na mumeo, siyo "nikipata nitakupa". Wa kwanza aliondoka alfajiri bila kuaga, na nilimlaani sana, lakini tuseme ukweli, mshahara wake wa mwezi ule ulikuwa haujalipwa na mwezi mwingine ulikuwa umeanza. Wa pili ndiye aliyetulea, mimi na mtoto. Jumamosi moja nipo sebuleni nakunja nguo, mtoto akaanza kutambaa, magoti mawili mbele, akaanguka kwa pua. Nikapiga kelele, nikachukua simu nimrekodi, nikampigia mume wangu, nikampigia mama Moshi. Dada alisimama mlangoni anatabasamu. Baada ya miezi mingi ndipo aliponiambia mtoto alikuwa anatambaa tangu Jumatano. Alinyamaza ili nidhani nimeona mwanzo wake. Nani alimfundisha huyu binti? Hakuna semina ya malezi inayofundisha hicho.

Kwa hiyo unaposema unaogopa mtoto atamzoea dada, mimi nakwambia omba amzoee. Ole wako asipomzoea, maana utakuwa Posta na moyo uko Mbezi. Kukusahau hawezi. Mimi nilikuwa nikifika getini tu, sijasema neno, anaanza kurusha miguu. Harufu ya mama anaijua. Ile dakika ya kutua mkoba, kuosha mikono mbiombio na kukaa kwenye kochi na viatu vyako, mtoto anahema kwa pupa na mkono mmoja unakukwaruza shingo, hakuna bosi anayeweza kukukata hiyo kwenye mshahara.

Na kina baba mnaosoma hapa kwa kuchungulia simu za wake zenu, nanyi nina neno. Sheria imewapa siku tatu, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Tatu! Najua ni chache, mnaweza kulalamika na mimi nitalalamika nanyi. Lakini baada ya hizo tatu kuna jioni za mwaka mzima ambazo hakuna sheria inayowazuia kuosha vikombe, kugandisha barafu za kesho, na kuamka saa tisa usiku kumbeba mtoto aliyeshiba akikataa kulala. Mume wangu aliosha vikombe. Nyumbani kwao walimcheka, mpaka shangazi mmoja akauliza kama kalishwa limbwata. Aliendelea kuosha. Mwanaume anayeona aibu kushika kikombe cha maziwa ya mwanawe asije kujitapa kwa wenzake kwamba mtoto ana afya.

Mdogo wangu, bosi wako kuwa mkali si hoja, huendi kuomba fadhila. Usiende kwa maneno, nenda na barua, kabla hujarudi, na ubaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Isiwe ndefu. Andika hivi, ubadilishe saa tu:

"Nitaripoti kazini tarehe iliyotajwa baada ya likizo ya uzazi. Kwa kuwa bado ninanyonyesha, naomba nipangiwe muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku kwa mujibu wa kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Napendekeza muda huo uwe kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi jioni. Aidha, naomba kuelekezwa sehemu yenye faragha ambayo naweza kuitumia kukamua maziwa wakati wa mapumziko ya mchana."

Hiyo sentensi ya mwisho usiifute. Mimi sikuiandika kwenye yangu, ndiyo maana niliishia stoo.