Oda Kubwa ya Mkopo Ndiyo Inayofunga Jiko

Wiki iliyopita dada mmoja anayekaa mtaa wa Sakina, hapa Arusha, aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimepata kampuni ya utalii, wanataka lanchi boksi 40 kila siku kuanzia Juni. Watalipa mwisho wa mwezi. Nina laki nane, na kuna mtu atanikopesha zilizobaki. Niombee."

Hakuuliza kama aichukue hiyo oda. Alitaka maombi tu. Nimemwombea, halafu nikampigia hesabu.

Tuseme boksi moja linamgharimu 11,000: paja la kuku, yai, chapati, ndizi, kipande cha keki, juisi, gesi, boksi lenyewe na bodaboda wa alfajiri. Analiuza 15,000. Faida 4,000 mara 40 ni 160,000 kwa siku. Hapo ndipo wengi wetu tunafunga kikokotoo tunaanza kuulizia viwanja Moshono. Usifunge. Kila siku inatakiwa itoke 440,000 mfukoni mwake. Kwa siku 30 ni 13,200,000, na hapo hajapokea hata mia. Laki nane yake inakata siku ya pili. Anayemkopesha ni hawa wa kausha damu, wanaotaka rejesho kila wiki, na yeye rejesho lake halingojei mhasibu wa kampuni asaini.

Tena "mwisho wa mwezi" ya maofisi ni siku ya kupokea invoisi. Hela ina tarehe zake.

Mimi nimepika lanchi boksi za safari miaka mingi, na najisifu kwa hilo bila aibu. Nilianzia kwenye jiko la nyumba ya kupanga, na magari ya kwenda Tarangire na Ngorongoro yanapita kuchukua mzigo kabla hakujapambazuka. Kazi hii naijua. Kuku lazima apoe kabisa kabla hujafunga boksi, maana akifungwa wa moto mvuke unalowanisha mkate, na mgeni akifungua saa saba mchana anakuta uji. Wasiokula nyama unawaandikia juu ya kifuniko kwa kalamu nene. Mwenye mzio wa karanga unampikia peke yake, na kisu chake peke yake. Wapishi wangu wa sasa nimewafundisha hayo mpaka wananiita mwanajeshi.

Kampuni moja ya hapa mjini ilikuwa mteja wangu mkubwa. Walilipa vizuri misimu miwili mizima. Msimu wa tatu wakaanza kuchelewa kidogo, mara hela ya wageni haijaingia, mara bosi yuko Marekani, mara njoo Ijumaa. Ijumaa nikienda napewa chupa ya maji ya baridi na kiti pale mapokezi, naangalia picha za tembo ukutani mpaka ofisi inafungwa. Huku magari yao yanapita kwangu kila alfajiri kuchukua maboksi. Ikaja Machi 2020, corona, wageni wakakatika. Ofisi ikafungwa na milioni saba na kitu za kwangu zikiwa ndani. Siku hizi naona magari yaleyale kwenye sheli, rangi mpya, jina jipya. Dereva mmoja bado ananisalimia, "Mama lanchi, habari za siku?" Nzuri tu, baba.

Watu huniambia nilikosea kuwaamini. Sikubali. Mtu aliyekulipa misimu miwili utamtilia shaka kwa lipi? Tatizo halikuwa imani. Mteja mmoja alikuwa amebeba zaidi ya nusu ya mauzo yangu, na mtu wa namna hiyo hata akilipa kwa wakati ndiye bosi wako. Anakupangia bei, anakupangia siku ya kulipwa, na wewe unacheka tu.

Siku hizi kwangu nusu inaingia kwenye lipa namba jioni kabla sijachemsha yai hata moja, nusu gari linapochukua mzigo. Anayetaka mkopo namkopesha siku saba, na kwa kiasi ambacho kikipotea sitalala njaa. Wiki ya pili bila malipo, jiko halimjui. Nimepoteza wateja kwa msimamo huu, tena wakubwa, na wengine wamerudi. Wanaorudi ni wale waliokwenda kwa anayekopesha, wakakuta amefunga.

Sasa uwanja unajengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON ya 2027, na kila ninayekutana naye soko la Kilombero ana mpango wa kulisha wageni. Safi sana. Ila ndugu zangu, mnapenda mno kupiga picha oda. Oda ni karatasi. Piga picha salio. Mwombe mteja aanze na boksi 10 za malipo ya jioni, uone anavyolipa kidogo kabla hujamdai kikubwa. Akikataa kulipia boksi 10, hizo 40 atalipia na nini? Nimesema hili kila mahali na nitalisema tena: hesabu kwanza hela inayotoka kila siku, faida utaihesabu baadaye.

TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya halmashauri, vipimo vya afya vya wapishi, hayo yanajulikana, fuatilia mapema. Kampuni zitakudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, usije ukaanza kuhangaika siku ya mzigo wa kwanza. Na Aprili na Mei mvua ikinyesha barabara za mbuga zinaharibika na wageni wanapungua sana, kwa hiyo uwe na kingine cha kupika. Mimi napika kipaimara na sendoff, ambako kamati inalipa advansi bila ubishi.

Kama ni lazima ukope, kabla ya kausha damu nenda halmashauri. Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Inataka kikundi kilichosajiliwa na inataka uvumilivu, kwa hiyo usiisubiri mpaka oda iwe mkononi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye wa kuanza naye.